Chapa za Chini ya Mtutu: Namna ya Kujua Umri wa Shotigani za Zamani za Rungwe

Ukiulizia shotigani kuukuu iliyobaki kwenye ukoo, iwe Mpuguso au popote kandokando ya Tukuyu, jibu la haraka ni kwamba hiyo ni bunduki ya Mjerumani. Jibu hilo lina msingi wake. Mji wa Tukuyu ulikua kutokana na boma la Wajerumani lililoitwa Neu-Langenburg. Kule Masoko, kando ya Ziwa Kisiba, walikuwa na kambi ya askari, na wenyeji husimulia hadi leo kwamba vita ilipowazidi walitupa silaha na fedha ndani ya ziwa hilo. Katika mazingira hayo kila bunduki yenye kutu hupewa baba mmoja. Lakini majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Edward Northey, yakitokea Nyasaland, yaliingia Neu-Langenburg Mei 1916, na tangu hapo imepita zaidi ya miaka mia moja ambayo bunduki zimeendelea kuingia wilayani kwa njia nyingine kabisa. Anayetaka kujua umri wa shotigani fulani hana budi kuiweka kando hadithi ya ukoo kwa muda na kusoma chapa zilizopigwa kwenye chuma chenyewe.

Jambo hili haliwahusu wakusanyaji wa vitu vya kale peke yao. Mwenye shotigani Rungwe anaimiliki ili aitumie, kwa sababu nguruwe pori na nyani hawasubiri mahindi yakomae. Risasi anazopata dukani leo zimejazwa baruti isiyo na moshi, na nyingi zina urefu wa milimita 70. Bunduki iliyoundwa 1885 ilikusudiwa baruti nyeusi, na chemba yake, yaani pale risasi inapokaa, mara nyingi ni ya milimita 65. Risasi ndefu itaingia humo bila kuzuiwa na kitu, kwa kuwa kabla ya kufyatuliwa mdomo wake umekunjwa. Ikifyatuliwa, mkunjo unafunguka ndani ya sehemu iliyo nyembamba kuliko chemba, msukumo unapanda, na chuma cha zaidi ya miaka mia moja ndicho kinachoubeba, sentimita chache kutoka kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Kwa hiyo swali la umri ni swali la usalama kabla halijawa swali la historia. (Na kwa kuwa nimetaja wanyama waharibifu: katika misitu ya Mlima Rungwe anaishi kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtangaza rasmi mwaka 2005 na ambaye hapatikani popote duniani nje ya Tanzania. Yeye naye hushuka mashambani. Asifikiriwe kuwa ni ngedere wa kawaida.)

Tuanze na mahali pa kutazama, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Macho huenda juu ya mitutu, kwenye ule ufito mwembamba unaoiunganisha, kwa kuwa ndipo jina la kampuni lilipochorwa kwa madaha. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa miezi mingi hewa ya nyumbani yenyewe ina unyevu. Bunduki iliyotundikwa ukutani kwa miaka hamsini katika hali hiyo huliwa na kutu upande wa juu kwanza, na jina linakuwa vishimo tu. Chapa zenye maana zaidi zimejificha chini. Katika shotigani ya kukunja, ukiondoa mbao ya mbele na kuitenganisha mitutu na mwili wa bunduki, utaona sehemu mbili bapa upande wa chini wa mitutu, karibu na chemba. Mbao na chuma cha mwili huzikinga sehemu hizo na mvua na jasho la mikono. Nimewahi kuona mtutu ambao juu yake herufi hata moja haisomeki, na chini yake taji dogo la milimita nne limebaki na kingo kali kana kwamba limepigwa juzi.

Kazi hiyo ifanywe na mwenye leseni mwenyewe au fundi anayetambuliwa na polisi, bunduki ikiwa tupu na imehakikiwa kuwa tupu. Kinachohitajika ni kitambaa chenye mafuta mepesi, tochi inayomulika kwa ubavu, na chokaa kidogo ya kupaka ili herufi zitokeze. Msasa na brashi ya waya ni marufuku. Fundi anayeng'arisha mtutu ili upendeze anafuta kumbukumbu isiyorudi, na akifika kwenye namba ya silaha anakuwa ameingia kwenye kosa la jinai.

Maandishi ya juu yana manufaa yake pale yanaposomeka, mradi msomaji ajue kwamba yanamtaja muuzaji mara nyingi kama yanavyomtaja mtengenezaji. Jina la Charles A. Heyer au la Shaw & Hunter likifuatiwa na Nairobi linataja duka. Bunduki ilitoka Ulaya, ikapigwa jina la duka kwa agizo la duka. Hata hivyo jina hilo linaweka mpaka wa chini, kwa sababu Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na hakuna bunduki yenye jina lake inayoweza kuwa ya kabla ya hapo. Mabadiliko ya majina ya kampuni husaidia kwa namna hiyohiyo. Kampuni za Webley na Scott za Birmingham ziliungana 1897, na jina fupi la Webley & Scott Ltd lilianza 1906. Duka kubwa la London lililowauzia maofisa na walowezi wa makoloni liliandika Army & Navy C.S.L. hadi lilipobadili jina mwaka 1934. Holland & Holland walikuwa 98 New Bond Street hadi 1960, wakahamia Bruton Street. Anwani, kwa hiyo, ni tarehe iliyoandikwa kwa namna nyingine, na mwenye orodha ya anwani za wafuabunduki wa London ana nusu ya kazi mkononi. Nusu hiyo haimsaidii sana mtu wa Mpuguso, kwa kuwa bunduki za Bond Street zilikuwa za matajiri na chache kati yake zilibaki mashambani.

Jina alilolisikia mtu wa Mpuguso ni Greener. Katika taarifa za polisi na magazeti yetu neno hilo limekuwa kama aina ya silaha: husemwa "shotigani aina ya Greener" hata pale bunduki ilipotoka kiwanda kingine. Greener halisi ni W. W. Greener wa Birmingham, na ile iliyoenea zaidi barani Afrika ni ya mtutu mmoja yenye wenzo chini ya kifyatulio, imara, rahisi kusafisha, iliyopendwa na polisi na walinzi wa mashamba. Uzalishaji wake ni wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kampuni yenyewe ilichukuliwa na Webley & Scott mwaka 1965. Babu akisemwa kuwa alipewa Greener ya namna hiyo na Mjerumani wa bomani mwaka 1910, tarehe ndiyo yenye kasoro, ingawa bunduki inaweza kuwa ya kweli.

Majina hudanganya pia kwa makusudi. Viwanda vidogo vya Liège, Ubelgiji, viliandika kwenye shotigani za bei nafuu majina yanayofanana na ya Waingereza mashuhuri. W. Richards ni mfano unaojulikana sana, likimvuta mnunuzi afikirie kuwa ananunua Westley Richards. Kwenye bunduki za kupakia mdomoni zilizouzwa Afrika neno TOWER lilipigwa pamoja na taji ili zionekane zimetoka ghala la kifalme la London, wakati nyingi zilitoka karakana za Birmingham au Liège. Ndiyo sababu naweka jina nyuma na chapa ya majaribio mbele. Jina aliliandika mtu anayetaka kuuza. Chapa ya majaribio ilipigwa na mtu asiye na bidhaa ya kuuza.

Nchi zilizotengeneza bunduki kwa wingi zilikuwa na nyumba rasmi za majaribio. Kila mtutu ulipelekwa huko, ukapakiwa baruti na risasi kupita kiasi cha kawaida, ukafyatuliwa mtu akiwa amejikinga, kisha ukakaguliwa. Uliopasuka ulitupwa. Uliosimama ulipigwa chapa. London ilikuwa na utaratibu huo tangu karne ya 17, Birmingham ilipata nyumba yake kwa sheria ya bunge ya 1813. Kwa kuwa kanuni zilibadilishwa mara kwa mara kufuatana na mabadiliko ya baruti, kila kanuni mpya ilileta alama mpya, na hizo alama mpya ndizo saa yetu. Mara chache zinataja mwaka mmoja. Zinataja dirisha: si kabla ya mwaka huu, si baada ya ule.

Birmingham ndiyo inayostahili kusomwa kwa utulivu zaidi huku kwetu, kwa sababu bunduki za Waingereza zilifika Unyakyusa kwa njia mbili, kwanza kutoka kusini kupitia Ziwa Nyasa na baadaye kupitia serikali ya Tanganyika. Chukua shotigani ya mitutu miwili yenye nyundo za nje. Ufito wa juu hausomeki. Chini ya kila mtutu kuna fimbo mbili za kifalme zilizopishana, taji juu yake, na herufi BPC zikigawanyika katikati ya fimbo hizo. Kando yake kuna alama ya namna hiyo yenye V. Hiyo ni Birmingham, na umbo hilo lilitumika kuanzia 1813 hadi 1904. Dirisha hilo ni pana mno. Endelea: kuna namba 13, na chini yake maneno NOT FOR BALL. Maneno hayo yalipigwa kwenye mitutu ambayo mdomo wake umebanwa, ili mwenye bunduki asiweke risasi moja nzima ya duara, na yalitumika kati ya 1875 na 1887 tu. Kuanzia 1887 yalibadilishwa na neno CHOKE. Sasa dirisha la miaka tisini limekuwa la miaka kumi na miwili.

Ile 13 nayo inahitaji maelezo, kwa kuwa imewahi kuingizwa kwenye fomu za leseni kama geji ya bunduki. Geji huhesabiwa kwa ratili: bunduki ya geji 12 ni ile ambayo mipira kumi na miwili ya madini ya risasi inayoenea kwenye tundu lake ina uzito wa ratili moja, na tundu hilo ni karibu milimita 18.5. Wapimaji wa Birmingham walipiga namba ya tundu walilolipima, si ya risasi inayotumika. Mtutu wa geji 12 uliotobolewa kwa wembamba kidogo ulipata 13 au 13/1 na bado unatumia risasi za geji 12. Mtindo wa namba zenye mkwaju ulianza 1887 ukaendelea hadi 1954, ulipochukuliwa na vipimo vya sehemu za elfu za inchi, mfano .729. Kwa hiyo hata namna ya kuandika ukubwa wa tundu ni ushahidi wa umri.

Mwaka 1904 zile fimbo zilipishwa na taji juu ya herufi BP na BV, na taji juu ya NP kwa mitutu iliyojaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Maneno NITRO PROOF yakifuatiwa na kiasi cha marisaa kwa wakia, kama 1⅛ oz, ni ya kipindi cha kabla ya 1954. Mwaka 1954 wakia ziliacha kutumika na badala yake msukumo ukatajwa kwa tani, mfano 3 TONS, na taji likakaa juu ya BNP. Ukiona tani, bunduki ilijaribiwa wakati Mwalimu Nyerere anaanzisha TANU au baada ya hapo, lolote litakalosimuliwa kuhusu Mjerumani. Birmingham walianza pia, mwaka 1921, kupiga herufi ya siri ya mwaka pembeni ya fimbo ndogo zilizopishana. Inapoonekana, inatoa mwaka wenyewe. Lakini ni ndogo sana na kutu huipenda.

Liège ni mji wa pili kwa umuhimu, na huenda ni wa kwanza kwa idadi ya bunduki za bei ya chini zilizomwagwa Afrika. Ukivuka Ziwa Tanganyika ukaingia Kongo mashariki utaikuta kila mahali, kwa kuwa Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji. Alama yake haisahauliki: herufi ELG ndani ya umbo la yai. Yai lisilo na taji ni la kabla ya 1893, lenye taji juu ni la mwaka huo na kuendelea. Pembeni kuna herufi ya mkaguzi. Ikiwa na taji ni ya kabla ya 1877, ikiwa na nyota ni ya baada. Alama ya nguzo ndogo, ambayo ni nembo ya mji, ilianza 1853. Simba aliyesimama juu ya herufi PV anamaanisha kuwa mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, na huyo hakutokea kabla ya miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kisha, kuanzia 1922, Wabelgiji walipiga herufi ndogo ya mwaka: a kwa 1922, b kwa 1923, na kuendelea. Shotigani ya Ubelgiji yenye taji, simba na herufi j haina fumbo tena.

Sasa tumfikie Mjerumani mwenyewe. Ujerumani ilichelewa kuwa na sheria moja ya majaribio. Ilipitishwa 1891 na kuanza kutumika Aprili 1893, na mwaka huohuo wa 1893 Hermann von Wissmann alikuwa anaweka kituo cha Langenburg ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kabla utawala haujapanda juu Tukuyu. Kwa hiyo shotigani ya raia iliyotengenezwa Suhl, Ujerumani, wakati wa utawala wa Wajerumani hapa kwetu inatakiwa iwe na taji dogo juu ya herufi moja moja: U kwa ukaguzi, S kwa mtutu wa marisaa, W kwa mdomo uliobanwa, B au G kutegemea aina. Taji juu ya N, la baruti isiyo na moshi, lilikuja muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Geji huwa ndani ya duara. Mara nyingi kuna pia maandishi ya chuma cha Krupp wa Essen.

Tarehe ndiyo inayoamua. Wajaribu wa Suhl walipiga mwezi na mwaka kwa tarakimu, hasa baada ya vita hivyo: 5 27 ni Mei 1927. Bunduki yenye tarehe hiyo haikuwa mikononi mwa mkoloni wa Kijerumani. Je, ukoo umedanganya? Hapana lazima. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika kuanzia 1925, wakaja kama wakulima na wamisionari. Dhahabu ya Lupa ilivuta Wazungu wengi nyanda za juu kusini, mji wa Mbeya ulianza 1927, na vita ilipozuka 1939 Wajerumani hao waliwekwa kizuizini na mali zao zikakabidhiwa kwa msimamizi wa mali za adui. Bunduki zao zikapata wamiliki wapya. Mzee aliyesema "niliipata kwa Mjerumani" anaweza kuwa amesema kweli tupu, na waliomsikia ndio waliomrudisha Mjerumani huyo nyuma kwa miaka ishirini. Chapa hapo haikanushi hadithi, inaipa mwaka wake. Ila ukikuta tai mwenye mbawa juu ya N badala ya taji, ujue ni kanuni ya Aprili 1940, na hapo hakuna Mjerumani wa Tanganyika anayeweza kuhusika, maana wakati huo alikuwa kambini nyuma ya waya.

Zilizobaki nazipitia kwa haraka, kwa sababu kanuni zake ni nyepesi. Eibar, Hispania, ilianza herufi ya mwaka 1927 kwa A, na anayehesabu akumbuke kwamba Wahispania walihesabu CH kuwa herufi baada ya C, vinginevyo atakosea kwa mwaka mmoja. Za Kisovieti, Baikal na ndugu zake, hujitaja: MADE IN USSR haikupigwa baada ya dola hiyo kuvunjika 1991. Marekani haikuwa na nyumba ya serikali ya majaribio, kwa hiyo kila kiwanda kilijiwekea alama. Remington walipiga ubavuni mwa mtutu herufi mbili, ya kwanza ya mwezi kutoka katika mfululizo BLACKPOWDERX wenye herufi kumi na mbili, B ikiwa Januari na X Desemba, na ya pili ya mwaka. Lakini mitutu ya pampu hubadilishwa kwa dakika mbili, na herufi hizo zinaeleza umri wa mtutu bila kueleza umri wa mwili. Sheria ya Marekani haikulazimisha namba kwa kila bunduki hadi 1968, kwa hiyo shotigani ya bei ndogo ya Kimarekani isiyo na namba haimaanishi kwamba namba imefutwa kwa hila. Ofisa anayejua hilo atamwokolea mjane mmoja usumbufu mkubwa.

Chuma chenyewe ni ushahidi wa ziada. Mitutu ya Dameski, iliyosokotwa kwa nyuzi za chuma laini na chuma kigumu kisha ikapondwa juu ya moto hadi kushikana, huonyesha michirizi kama nywele zilizosukwa. Bonde la Vesdre karibu na Liège liliishi kwa kazi hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza karibu ilikoma, chuma cha kumiminwa kikachukua nafasi. Mtutu wa Dameski usiokuwa na chapa ya baruti isiyo na moshi usipewe risasi ya dukani hata kwa majaribio ya kufurahisha wageni. Lakini macho yasiaminiwe peke yake: viwanda vilichora michirizi ya uongo juu ya chuma cha kawaida kwa sababu wanunuzi waliipenda, na chapa za chini ndizo zinazotenganisha ya kweli na ya rangi.

Kuna bunduki zenye umri wa aina mbili, na hizo ndizo zinazowakosesha hata wajuzi. Mwishoni mwa karne ya 19 Liège ilinunua bunduki za jeshi la Ufaransa zilizopitwa na wakati, ikazitoboa mitutu na kuziuza kama shotigani za geji 12 kwa jina la biashara Zulu. Mwili wake una mihuri ya kijeshi ya miaka ya nyuma, mtutu una yai la ELG. Baada ya 1918 Wajerumani, wakiwa na rundo la Mauser 98 zisizoruhusiwa tena, walizigeuza shotigani zilizoitwa Geha. Mtu akikuta 1916 juu ya mwili wa Geha anaweza kuapa kwamba imetoka kwa Northey au kwa maadui zake, na kumbe ilitoka kiwandani miaka ya 1920. Vilevile mtutu wa kale unaweza kuwa umerudishwa Birmingham kujaribiwa upya, ukaongezewa alama mpya pamoja na R. Kanuni ya kufuata: chapa ya zamani zaidi ndiyo ya kuzaliwa, chapa mpya zaidi ndiyo ya matumizi. Kwenye usalama fuata ile mpya, kwenye historia zitaje zote mbili.

Na kuna gobore. Kwa nini silaha ya kupakia mdomoni iliendelea kutengenezwa na mafundi wa vijijini wakati dunia ilikuwa na risasi za kaseti? Sehemu ya jibu iko Brussels. Mkataba wa Julai 1890 uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa ulizuia kupeleka silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, ukiwaachia Waafrika bunduki za gumegume zenye tundu laini na baruti ya biashara. Vita ya Karonga kati ya Kampuni ya Maziwa ya Waingereza na Mlozi, mfanyabiashara ya watumwa, iliyoanza 1887 na ambayo Frederick Lugard alishiriki 1888, ilikuwa imeonyesha wakoloni ni silaha ngapi zimekwisha kuingia pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mwendo wa siku chache kutoka Rungwe. Baada ya hapo mlango ulifungwa kwa mwenyeji na kuachwa wazi kwa Mzungu. Malafyale, yaani chifu wa Wanyakyusa, aliyekuwa na bunduki alibaki na ya zamani, na ilipokufa fundi aliivalisha bomba jipya. Gobore la namna hiyo halina chapa yoyote ya majaribio, kwa sababu hakuna aliyewahi kulijaribu isipokuwa mwenyewe. Umri wake unasomwa kwenye kufuli ya zamani iliyobaki, kama ipo, na mtutu wake usipewe umri kabisa.

Ukitandaza haya yote juu ya historia ya wilaya, unapata vipindi vinavyoshikika. Fimbo za BPC na yai lisilo na taji zinaelekeza kwenye biashara ya ziwani kabla ya mkataba au mabaki yake. Taji na herufi za Kijerumani bila tarehe zinaruhusu, bila kulazimisha, enzi ya Neu-Langenburg. NP ya Birmingham, herufi ndogo za Liège na tarehe za Suhl ni za Tanganyika ya Waingereza, enzi za mashamba ya chai na dhahabu. Tani, CH za Eibar zilizorudi katika mzunguko wa pili, na USSR ni za karibu na uhuru na baada yake. Kila kipindi kina watu wake waliopata kibali na sababu zao za kukipata, na hilo ndilo linalonifanya nilione jambo hili kuwa kubwa kuliko mapenzi ya bunduki: leseni za kikoloni ziliwapita wengi, na orodha ya nani aliruhusiwa kuwa na mtutu ni orodha ya nani alihesabiwa kuwa mtu mwaminifu.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na Itifaki ya Nairobi ya 2004 iliyo nyuma yake, zinataka kila silaha iwe na alama za kuitambulisha. Kuna hatari ndogo hapo inayozuilika. Alama mpya ya taifa ikipigwa juu ya sehemu bapa za chini, kwa kuwa pana nafasi, inaweza kukanyaga taji la 1904 au herufi ya 1922. Ipigwe mahali pengine. Na safu ya "aina" kwenye fomu isijazwe Greener kwa mazoea.

Nafasi nzuri zaidi ya kusoma chapa hizi hutokea pale mmiliki anapofariki. Warithi wanatakiwa kuikabidhi bunduki polisi wakati maombi ya umiliki mpya yanashughulikiwa, na kwa muda huo inakaa kwenye ghala la silaha la wilaya, imefunguliwa, mikononi mwa mtu anayejua kuishika. Vivyo hivyo katika vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, kama kile cha 2023: bunduki zinazopokelewa huishia kuteketezwa, na gobore la kufuli ya TOWER huungua pamoja na bomba la juzi. Sidai ziachwe. Nadai picha nne kabla ya moto, zilizopigwa kwa mwanga wa ubavu na rula ikiwa kando: ufito wa juu, sehemu bapa ya mtutu wa kulia, ya mtutu wa kushoto, na chini ya mwili pale mitutu inapokaa. Pamoja nazo paandikwe jina la kijiji na maelezo ya ukoo jinsi walivyoyasema, hata kama ni yaleyale ya Mjerumani. Mpuguso kuna chuo cha ualimu chenye vijana wanaojua kutumia simu zao vizuri, na ofisi ya polisi ya wilaya iko Tukuyu, jirani tu.